Kilo 23 za Ukoo Mzima: Mwongozo wa Msafiri wa Tiketi Nafuu

Kabla ya yote, elewa umenunua nini. Tiketi ya ndege ya bei nafuu inakupa kiti, mkanda wa kufunga kiunoni, na ruhusa ya kuvuta hewa ileile wanayovuta waliolipa zaidi. Mengine yote ni biashara nyingine. Ukitaka kukaa dirishani, lipia. Ukitaka maji, lipia. Ukitaka nguo zako zifike siku moja na wewe, hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Usiwalaumu. Wenye ndege walikaa wakapiga hesabu, wakamwona msafiri wao: mtu mmoja, kibegi kimoja, anakwenda kulala hotelini, hakuna anayemsubiri na hakuna aliyemtuma. Mtu wa namna hiyo yupo, nasikia anaishi Uswisi. Wewe unatoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, au Muscat kwenda Zanzibar, na habari za safari yako zimeshavuka mitaa mitatu. Tiketi nafuu ni tiketi ya mtu asiye na ndugu. Wewe unao, na tena wengi.

Kwanza historia kidogo, ili ukilipa ujue deni limeanzia wapi. Zamani begi la kilo ishirini na ushei lilikuwa ndani ya nauli, kama sukari ndani ya chai; hakuna aliyeuliza bei yake. Mwaka 2006 kampuni mbili za Ulaya, Flybe na Ryanair, zikaanza kulitoza kivyake begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Ryanair haikuficha nia: ilitaka abiria aache kabisa kulibeba. Abiria asiye na begi hahitaji kaunta wala wapagazi, na ndege yake inaweza kutua, kushusha, kupakia na kuruka tena ndani ya dakika 25. Zingatia hapo. Ada ile ilibuniwa kukutisha ili uje mikono mitupu, na wewe kwa bahati mbaya hutishiki, kwa sababu unamwogopa shangazi zaidi.

Wamarekani walifuata mwaka 2008. Pipa la mafuta ghafi lilikuwa linakimbilia dola 147, American Airlines wakasema hali ni ngumu, begi la kwanza sasa ni dola 15. Kabla mwaka haujaisha pipa lilikuwa limeanguka chini ya dola 40. Ada haikuanguka. Ilizaa. Southwest, waliojitangaza miaka na miaka kwamba kwao mabegi yanaruka bure, nao walisalimu amri tarehe 28 Mei 2025.

Kwetu somo lililetwa na kasuku. Mwishoni mwa Novemba 2012 fastjet, yenye nembo ya kasuku, ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ikianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Watu walioijua Singida kwa kuichungulia kwenye dirisha la basi wakaanza kuipita juu kwa juu. Wakaja uwanjani na desturi ya stendi ya Ubungo, ambako mzigo ulijadiliwa: ulipomwita konda "bosi wangu", gunia la mchele liliingia kwenye buti na ndoo ya samli ilikaa miguuni pako. Uwanjani wakakuta mizani, na mizani haina sikio la kuitiwa bosi. Fastjet ilisimamisha safari zake Tanzania Desemba 2018. Jambojet ya Kenya, iliyoanza Aprili 2014, bado inaruka. Mizani iko kotekote.

Sasa tuingie kazini.

Hatua ya kwanza: pima nyumbani. Mizani ya kulabu, ile ya kuning'iniza, inauzwa Kariakoo na haizidi kiganja. Kama huna, mtafute kijana wa barabarani anayepima uzito kwa sarafu. Panda peke yako, asome. Panda na begi, asome tena. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Atakuangalia kwa huruma akidhani unene umekupanda ghafla. Mlipe na uondoke bila kueleza. Lakini jua kwamba kipimo hicho ni maoni tu. Mizani ya uwanja wa ndege haikosei, na hata ikikosea, haikosei.

Hapa naomba niseme neno kuhusu begi lenyewe. Watu wananunua begi gumu la matairi manne, zuri, linang'aa, linageuka lenyewe njiani kama lina akili, na hawafikirii kwamba kabla hawajatia kitu ndani limeshakula kilo nne au tano. Umelipia kusafirisha begi. Wakati huohuo pale dukani kuna shangazi kaja, mfuko wa miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe, ambao ukiwa mtupu hauna uzito wa kuutaja na unabeba mpaka utakapochoka wewe. Tatizo la shangazi kaja ni zipu, ambayo hufia njiani bila taarifa. Dawa yake ni kamba ya manila, mafundo matatu. Wanaokutazama kwa dharau wamelipa eksesi ya kusafirisha matairi.

Hatua ya pili ni bajeti. Chukua kilo 23, kipimo kinachotumika sana kwa begi moja la daraja la chini, na uzigawe. Nguo zako: kilo nne, na hapo umejipendelea. Zilizobaki ni za ukoo. Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kuficha safari: usiweke picha, usiage, ondoka alfajiri. Haifai. Ukifika bila kitu utaulizwa, na mkono mtupu haulambwi. Kubali tu kwamba usiku wa kuamkia safari mlango utagongwa.

"Hodi humu! Nimesikia kesho unapaa mwanangu."

"Karibu mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna kamzigo kadogo tu ka dada yako wa Tabata. Wala hakana uzito."

Kamzigo kanaingia kakiwa kamebebwa na vijana wawili.

Usikatae. Usikubali pia. Muulize mama mdogo, kwa upole, kama angependa kukiona chumba cha begi kwa macho yake. Mwonyeshe mizani. Mwache apakie mwenyewe. Mama aliyezaa na kulea wanne ana elimu ya kupakia ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Atazungusha dagaa ndani ya viatu vyako, atakunja shati lako mpaka lijute, na mwisho atagundua mwenyewe kwamba mchele unaweza kubaki. Uamuzi wake hautaleta kesi kwenye ukoo. Wako ungeleta.

Dagaa wanastahili aya yao. Wakikaushwa vizuri, kutoka pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, wana uzito mdogo na harufu kubwa. Kampuni inapima kimoja, abiria wenzako wanapima kingine. Wafunge mara tatu: karatasi, kisha ndoo yenye mfuniko, kisha gundi ya plasta kuzunguka mfuniko. Usitegemee rambo, Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia Agosti 2017, kwa hiyo utavuliwa rambo kabla hujafika kwenye ndege na dagaa watabaki uchi. Samaki wabichi wa ziwani wanahitaji boksi la povu, na barafu ina tabia ya kuwa maji bila kuaga, ikashuka juu ya begi la mtu anayekwenda harusini. Senene wa Bukoba ndio wasafiri bora kuliko wote: wamekaangwa, wakavu, wepesi, na wakifika hawalalamiki. Doriani la Zanzibar haliruki. Usijaribu. Ndege nzima itajua jina lako.

Asali ya Tabora, achari, mafuta ya nazi na samli ni kesi ya vimiminika. Baada ya polisi wa London kuzima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji Agosti 2006, mzigo wa mkononi uliwekewa mpaka wa mililita 100 kwa chombo. Utamsikia mtu anabishana na afande pale kwenye mashine kwamba samli yake imeganda, kwa hiyo si kimiminika. Hoja ni nzuri, tena ya kisayansi, ila imeletwa Dar es Salaam mwezi wa Februari, na wakati bado anaitetea samli imeanza kushuka kiwikoni. Iweke kwenye begi kubwa. Betri za kuchajia simu zifanye kinyume: hizo hazikubaliwi tumboni mwa ndege kwa sababu zikishika moto kule hakuna wa kuziona. Zibaki nawe. Na begi lako la mkononi likinyang'anywa mlangoni liende chini, zitoe kwanza.

Kejeli niiweke pembeni kidogo. Kamzigo ka mtu, hata ka mama mdogo, hakapiti bila kufunguliwa. Kafungue mbele yake, mwaga yote, rudisha. Kama ni unga, uone ni unga wa nini. Wapo watu wamefungwa miaka mingi nchi za mbali kwa bahasha waliyopewa na mtu wanayemjua kwa jina la utani, na mahakamani neno "nilitumwa tu" halijulikani kwa lugha yoyote. Mwenye kununa anune. Turudi.

Hatua ya tatu: mzigo wa mkononi. Kampuni nyingi zinazopita kwetu zinaruhusu kilo 7, na hapa ndipo uigizaji unapohitajika, kwa sababu wengi hawaupimi ila wakiona unakuumiza. Beba begi la kilo 12 kwa vidole viwili. Bega lisishuke. Usiheme. Ukifika mbele ya kaunta lisogeze nyuma ya mguu na uanze kuuliza habari za mvua. Kwa wale wenye kanga, faida ni yenu: mtu anaweza kuvaa doti mbili, ya tatu begani, ya nne kichwani, na bado akaonekana amevaa kawaida kabisa. Usizidishe, hata hivyo. Mwaka 2015 kijana mmoja mwanamuziki pale Stansted, London, alivaa nguo zake tabaka 12 ili asilipie begi la pili kwenda Glasgow. Alizimia kwa joto angani. Na hiyo ilikuwa Uingereza; wazia uwanja wa Julius Nyerere saa nane mchana.

Wenye ndugu Ulaya mnaosafiri na kampuni za huko, kilo si hoja sana, hoja ni umbo. Begi la bure la Ryanair ni sentimita 40 kwa 30 kwa 20, la easyJet ni 45 kwa 36 kwa 20, na mlangoni kuna kizimba cha chuma ambacho begi lazima liingie bila kusukumwa kwa goti. Usitafute huruma kwa anayelinda kizimba. Mwaka 2025 bosi wa Ryanair, Michael O'Leary, alitangaza hadharani kwamba bonasi ya mfanyakazi kwa kila begi kubwa analolikamata inapanda kutoka yuro 1.50 hadi 2.50. Begi lako ni mboga ya mtu. Sheria nayo ipo, kwa namna yake. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema begi la kwenda chini linaweza kutozwa, ila mzigo wa mkononi wenye ukubwa na uzito wa kiasi ni kitu cha lazima kwa abiria, usitozwe. Kiasi ni kiasi gani, hawakusema. Hispania ilichoka kusubiri jibu, na Novemba 2024 ikazipiga kampuni tano faini ya yuro milioni 179, nazo zikaenda mahakamani. Wewe usisubiri hukumu ukiwa kwenye foleni. Kunja.

Hatua ya nne haimo. Imeondolewa ili mwongozo huu uwe wa bei nafuu. Anayeihitaji ataiona kwenye malipo ya ziada.

Hatua ya tano ni kaunta, na hapa wengi wanaangukia mtego ambao hauna uhusiano na wingi wa mzigo. Soma tiketi yako vizuri: umepewa kilo, au umepewa idadi ya mabegi? Wa kilo anaweza kuzigawa apendavyo kwenye mabegi yake. Wa idadi, kwa mfano mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, hana uhuru huo. Akija na moja la 27 na jingine la 12 atalipia zile nne, ingawa jumla yake ni 39 na aliruhusiwa 46. Atapiga hesabu hiyo kwa sauti, kwa vidole, atamwita meneja, na foleni nzima itamwunga mkono. Atalipa. Na yule anayeuliza kwa nini asiweke kilo 46 zote kwenye begi moja, jibu ni kwamba juu ya kilo 32 kampuni nyingi hazipokei kabisa hata ukiwa na pesa mkononi, kwa sababu begi hilo linanyanyuliwa na mtu, na mtu huyo ana mgongo.

Mtego wa pili ni wa ndugu zetu wa mbali. Anatoka Toronto na mabegi mawili ya kilo 23, halali, yamepita London, yamepita kila mahali, yametua Dar es Salaam salama. Kesho yake ana tiketi nyingine, aliyoinunua kando kwa kampuni nyingine, ya kwenda Mbeya, na yenyewe inatambua begi moja dogo au haitambui lolote. Kilo 46 zilizovuka bahari zinakwama kilomita 800 kutoka nyumbani, na nauli ya kuzimalizia inakaribia ya mwenye nazo. Tiketi mbili ni ndoa mbili. Kila moja ina masharti yake. Kama unaweza, nunua safari nzima kwenye tiketi moja. Kama huwezi, mabasi ya Mbeya bado yapo, na konda bado anapenda kuitwa bosi.

Kama safari yako ni ya ndege ndogo, zile Cessna Caravan za kwenda Mafia au Serengeti, sahau yote niliyosema. Kule ni kilo 15, begi laini lisilo na matairi, mkononi na buti vyote pamoja. Tena usishangae ukiambiwa upande mizani wewe mwenyewe. Ndege ya injini moja inataka kujua ukweli wote.

Kiasi cha kulipa kinategemea saa. Begi likinunuliwa pamoja na tiketi ni nafuu, likinunuliwa kesho yake limepanda, kwenye kaunta limepanda tena, mlangoni mwa ndege limekuwa faini. Kwa hiyo fanya uamuzi mapema, siku ile unanunua tiketi na bado unajidanganya kwamba utasafiri mwepesi. Usijiamini. Lipia begi.

Ikitokea umezidi, msindikizaji wako awe bado nje. Hili watu hulipuuza. Kaka yako akishakushusha anataka kuwahi foleni ya Tazara, mshike. Yeye ndiye ghala.

"Kaka, umezidi kilo sita."

"Dada yangu, ni unga tu wa mgonjwa."

"Pole yake. Unalipa au unapunguza?"

Basi unapiga magoti sakafuni, unafungua shangazi kaja mbele za watu, na dunia inajua una chupi ngapi. Toa vizito kwanza. Watu wakihamanika wanatoa leso na soksi, wakati kinu cha mbao kiko palepale kimekaa. Nani alikuambia ubebe kinu? Najua. Shangazi.

Likipotea begi, usilie kwanza, tunza ile karatasi ndogo yenye namba waliyokubandikia. Nenda kwenye dawati la mizigo kabla hujatoka nje, ujaze fomu. Utaulizwa begi lilivyo, na utasema ni la miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe, na afisa atanyoosha kidole kwenye kona ambako yamelala mengine kadhaa ya miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe. Ndiyo maana ya kufunga kitambaa cha rangi kwenye mpini. Kwa safari za nje, Mkataba wa Montreal wa 1999 ndio unaokulinda: begi likiharibika andika malalamiko ndani ya siku 7, likichelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na lisipoonekana kwa siku 21 unaweza kudai kama lililopotea. Kikomo cha fidia, tangu Desemba 2024, ni vipimo 1,519 vya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000. Hicho ni kikomo, si zawadi. Lazima uonyeshe thamani ya kilichopotea, na Mwaloni hawatoi risiti ya dagaa.

Umefika. Umegawa. Dada wa Tabata amefungua kamzigo kake na kuuliza kama hakuna kengine. Usipumzike sana, maana begi lako sasa ni tupu na wenyeji wameliona. Siku mbili kabla ya kurudi zitaanza kuja nazi, sabuni, viatu vya shule vya watoto wa kaka, na kikombe kimoja cha udongo cha kumpelekea bibi ambacho hakitakiwi kupasuka. Kisha jioni ya mwisho ataletwa jogoo, hai, miguu imefungwa, wa kukuagia.

Jogoo hai hapandi kama mzigo wa mkononi. Hata usiulize. Shukuru kwa mikono miwili, kisha omba kwa adabu achinjwe hapohapo, apikwe na ndizi, mle wote, na wewe upewe paja na firigisi uongeze na sahani ya pili. Kilichomo tumboni mwa abiria hakipimwi wala hakitozwi, kila kampuni, kila daraja, pande zote za dunia. Isipokuwa kama unarudi kwa Caravan. Hapo onja mchuzi tu.